Chupa Nyuma ya Unga

Jumatatu, 23 Februari

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: kazi yangu ni kuonja pombe.

Basi. Imeandikwa.

Nyumbani wanajua nauza kwa duka la Mama Njeri, karibu na mtaa wa West Indies, nikingoja kuitwa campus. Ni ukweli nusu. Mbele kuna mchele, mafuta na sabuni. Ukipita pazia, nyuma kuna chumba baridi cha waini kutoka kila upande wa dunia, na mimi ndiye ninayeandika vile vikaratasi vya kuning'inia kwenye shingo za chupa. Huwezi kuandika bila kuonja. Nanusa, nazungusha mdomoni, natema kwa ndoo. Simezi. Lakini nani kwetu ataamini habari ya kutema?

Nina miaka kumi na nane. Sheria ya serikali haina shida na mimi. Sheria ya Baba ndiyo shida. Ni mzee wa kanisa, na pombe haiingii bomani kwetu, hata ndani ya keki. Na kuna kaka yangu Kiprono. Alikunywa miaka mingi, tukawa tunamwokota kwa mtaro, mpaka akapelekwa rehab. Tangu arudi hajagusa. Daktari alimwambia hata tone moja asijaribu. Msimu huu Baba amempa ekari mbili apande mahindi yake mwenyewe. Ni mara ya kwanza anamwamini na kitu.

Leo: waini nyeupe ya Ujerumani. Ndimu na mafuta ya taa. Niliona aibu kuandika mafuta ya taa. Mama Njeri alicheka mpaka akashika rafu. "Andika hivyo hivyo! Jerop wewe, hiyo pua ni ya mbwa wa polisi."

Kabla ya kuingia nyumbani natafuna jani la mkaratusi. Mama hanisumbui, ana mafua ya vumbi wiki nzima, hanusi kitu. Baba ananusa.

Jumatano, 25 Februari

Nyeupe ya Afrika Kusini, iliyokaa kwa pipa la mbao. Nilifunga macho nikajipata jikoni kwa nyanya. Mursik! Ule mkaa wa ndani ya kibuyu, yale maziwa yaliyotulia. Kitabu cha Mama Njeri kinasema siagi na moshi. Mimi nimeandika mursik. Mtu wa hapa ataelewa mara moja.

Nyekundu ya Chile: pilipili hoho iliyochomwa. Nyekundu ya Dodoma: jam ya plamu iliyosahauliwa kwa moto. Sikuipenda lakini nimeiandikia vizuri.

Ijumaa wanakuja wanunuzi wa hoteli. Mama Njeri anataka mimi ndiye niongee. Mbele ya watu. Mimi, ambaye shuleni niliitikia "present" kwa sauti ndogo hadi nikaandikwa sipo.



Ijumaa, 27 Februari

Niliongea.

Kiingereza kiliniisha katikati, nikamalizia na Kiswahili. Ile nyekundu ya Ufaransa nilisema inanuka mvua ya kwanza ikigonga barabara ya udongo ya murram, na ngozi ya kiti cha zamani, halafu inakausha ulimi kama pera bichi. Nikataka kuingia chini ya meza. Mwanamume mmoja aliyevaa tai akanusa tena akasema, "Kweli, hiyo mvua iko." Wakanunua. Wanataka niende hotelini kwao niwafundishe wahudumu wao.

Mama Njeri amenipa ile iliyobaki ya Ufaransa. Anasema nikainuse kesho, nione vile inabadilika ikishafunguliwa, ndiyo niandike karatasi yake. Nimeitia kwa chupa ya juisi ya blackcurrant, ile kubwa ya plastiki. Kwetu hizo chupa hazitupwi, zinatiwa mafuta, asali, dawa ya ng'ombe. Hakuna atakayeuliza. Chini ya kitanda Mama anafagia, kwa hivyo nimeiweka kabatini jikoni, nyuma ya unga wa wimbi.

Nimefurahi saa moja tu. Pombe kwa nyumba ya Baba, na ni mimi nimeileta.

Jumamosi, 28 Februari

Duka lilijaa. Nimefika jioni. Mama ameshaenda kanisani na akina mama wenzake kutayarisha Meza ya Bwana, ni zamu yake mwezi huu. Baba ameketi jikoni na Biblia, anasoma neno la kesho. Hatoki. Siwezi kufungua kabati mbele yake.

Itangoja.

Jumapili, 1 Machi

Naandika nyuma ya ghala la mahindi. Mungu nisaidie.

Kanisani kwetu hakuna kunywa mmoja mmoja. Sinia inapita, kila mtu anachukua kikombe kidogo kama kifuniko, anakishika, anangoja. Pasta akisema "Nyweni," tunakunywa pamoja, kanisa zima. Ni juisi ya blackcurrant na maji. Imekuwa hivyo tangu nizaliwe.

Kiprono alikuwa kando yangu. Shati jeupe, amepiga pasi mwenyewe. Sinia zikaanza kupita, na mimi nikasikia harufu ya mvua. Ile ya kwanza, kwenye murram. Nikafikiri, hata tarehe za mvua hazijafika. Nikaangalia dirishani. Jua kali, vumbi.

Halafu ngozi ya kiti cha zamani.

Sijawahi kuogopa hivyo. Niliangalia kikombe changu, nikaangalia chake. Alikuwa amefunga macho anaomba. Nilitaka kusema. Najua nilifungua mdomo. Hakuna kitu kilitoka. Pasta alikuwa amefika mwisho wa maombi, namjua, huwa anashusha sauti kabla ya kusema neno lenyewe.

Nikampiga mkono.

Kikombe kiliruka, kikamwagika chote kifuani mwake. Changu nacho kikaanguka. Watu wote waligeuka. Baba kule mbele aliniangalia kana kwamba nimepiga madhabahu teke. "Nyweni," Pasta akasema, na kanisa likanywa. Nyanya mmoja mbele yetu alilamba midomo akamnong'onezea mwenzake, "Ya leo imekolea."

Mlangoni mzee mmoja alimshika Baba mkono. "Mzee, hiyo ni divai. Mimi nilikunywa miaka mingi kabla niokoke, hapo siwezi danganywa."

Jumapili, jioni

Mama alisema juisi aliyonunua ilikuwa kidogo. Akakumbuka kuna chupa nyingine kabatini nyuma ya unga, akaimimina yote. Na mafua yake hakusikia chochote. Analia tu, "Nimewalisha watu wa Mungu pombe."

Baba alinusa chupa tupu. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alienda chumbani kwa Kiprono akapindua godoro, akatoa nguo zote, akatafuta hadi ndani ya viatu. Hakupata kitu. Hiyo haikumsaidia Kiprono.

"Si yangu, Baba."

"Ni ya nani basi? Ya mama yako? Ama ni ya Jerop?"

Akacheka aliposema jina langu. Kicheko kifupi cha uchungu. Wazo lenyewe lilikuwa mzaha.

Kiprono akaniangalia. Akaliangalia lile doa kwa shati. Akaniangalia tena. Halafu hakujitetea tena.

Hakuna aliyeniuliza chochote. Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Jumatatu, 2 Machi

Zizini asubuhi. Kiprono anakamua, mimi nashika ndoo ya pili. Hakuinua kichwa.

"Ulinipiga mkono kabla Pasta hajasema."

Nikashika ndoo kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo ulijua."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilidhani atanimwagia maziwa usoni. Akaendelea kukamua. Akasema, "Mimi washanizoea hivi. Wewe nyamaza, uende zako campus."

Nikaanza kulia. Akasema niache, namtisha ng'ombe.

Halafu akasema kitu ambacho hakitoki kichwani. Kwamba jana alipovua lile shati, alilinusa. Alisimama nalo mkononi, akalinusa tena, na tena. Hajui ni kwa muda gani. "Chukua hiyo shati, Jerop. Ifue. Usiiache mahali niko."

Nimelifua. Doa halitoki. Imebaki rangi ya waridi juu ya moyo.

Duka sijaenda. Mama Njeri amepiga simu, sijashika.

Jumanne, 3 Machi

Baba ameamua. Alhamisi Kiprono apelekwe Moiben kwa Baba Mdogo, akakae huko chini ya macho ya watu. Zile ekari mbili zitakodishwa. Nimemwona Kiprono akirudisha gunia la mbegu stoo. Alilibeba mgongoni polepole na kulilaza kana kwamba kuna mtoto ndani.

Wakati wa chai alicheka akaniambia, "Kama nishahukumiwa, si ninywe tu nijue moja?"

Alikuwa anacheka. Macho hayakuwa yanacheka. Moiben sokoni kuna watu waliokuwa wanakunywa naye zamani. Naogopa.

Mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Si waini. Mimi na huu mdomo.

Nimeenda sebuleni kumwambia Baba. Nimesimama mlangoni. Ameinua macho. "Unataka nini?"

Nimesema, "Baba, nikuletee chai?"

Akasema lete. Nikaenda nikapika chai.

Jumatano, 4 Machi

Mchana. Nyumba imetulia. Mama amelala. Shati liko kwa kamba, limekauka. Begi la Kiprono liko mlangoni pake, dogo, limefungwa kwa kamba ya katani. Yeye yuko zizini, nasikia akiongea na ng'ombe. Anawaaga.

Nimesoma hizi kurasa tangu mwanzo. Kila kitu kiko hapa. Duka, pazia, ndoo ya kutemea, unga wa wimbi. Maneno ambayo siwezi kusema nimeyasema yote, na kwa mwandiko mzuri.

Hotelini sitaenda. Labda na campus pia, hiyo Baba ataamua. Naogopa. Naandika tena ili isije ikadhaniwa nilikuwa jasiri: naogopa sana.

Kunanuka mvua. Nimeangalia dirishani. Mawingu upande wa kule Plateau, meusi. Hii ni ya kweli. Wiki hii watu wataanza kutoa mbegu.

Baba amerudi kutoka shambani. Anavua gumboots barazani, moja, halafu nyingine. Ameita, "Jerop, uko wapi?" Nimeitika. Anakuja, nasikia ubao wa koridoni. Hapa ndipo huwa nasukuma hili daftari chini ya godoro na kuchukua kitabu kingine.

Ubao wa pili sasa, ule ulio karibu na mlango wangu.

Naliacha mezani. Wazi.