Flashi ya Daniel na Mwisho Wetu Ulioko Tabora

Itungi, karibu na bandari,
Kyela.
4 Mei, 2024.

Mpendwa mpwa wangu Ezekiel,

Ugonile, mtoto wa dada yangu. Huko Tabora mmeamkaje? Beatrice hajambo? Watoto wananenepa au wanarefuka tu kama migomba ya kivulini? Na lile tumbo ulilokuja nalo Pasaka, bado linakutangulia kuingia mlangoni? Usikasirike, nakuuliza kwa upendo.

Sisi huku tu wazima. Mkaza mjomba wako Tusajigwe hajambo, ila vyungu vyake havikauki kwa sababu ya mvua, na chungu kisipokauka hasira zake nazila mimi. Goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio, lakini mvua yenyewe inanyesha karibu kila siku tangu uondoke, kwa hiyo goti halipati hata sifa.

Sasa habari. Nikujulishe kwamba mimi mjomba wako nimeacha filamu. Nimeacha kwa hiari yangu, kama mtu mzima mwenye akili, baada ya kuona upuuzi umezidi. Siku hizi Jumapili tukitoka kanisani nachukua Biblia yangu na kwenda kukaa peke yangu mahali pa utulivu.

Haya, si kweli. Biblia ninayo mkononi, hilo si uongo, lakini mahali penyewe ni nyuma ya banda la video la Daniel, juu ya magunia ya pumba, pale ambapo matete ya ukuta yameachana. Naona nusu ya kioo. Staringi akikimbilia kulia namwona, akikimbilia kushoto namwachia Mungu. Nimefukuzwa, Ezekiel. Mzee mzima nimefukuzwa kwenye video kama mtoto aliyeingia bila kulipa. Na aliyenifukuzisha ni wewe.

Usikunje barua. Soma mpaka mwisho, maana mwisho ndio kesi yenyewe.

Mimi na Daniel unajua tulivyo. Tumevua usipa kwenye mtumbwi mmoja tangu ndevu zetu zilipokuwa zinaomba ruhusa kuota. Sasa macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli basi. Banda ni lake, binti yake Jeni ndiye anayeendesha mashine, lakini filamu Daniel anaiona kwa mdomo wangu. Mimi nakaa benchi la mbele, kushoto kwake, kwa sababu sikio lake la kulia nalo limechoka. Namwambia nani ametoa bastola, nani ameanguka, nani amevaa nini. Kiingereza sikijui, darasa la nne halikufika huko, lakini mtu akipigwa chupa ya kichwa hahitaji mkalimani. Pale wanapoongea sana nabuni. Daniel anajua kwamba nabuni na hajawahi kulalamika.

Wanaonichosha ni wale wengine. Wewe ulikaa nao mchana mmoja, ukawaona wachangamfu. Kaa nao kila wiki uone.

Yusto, yule aliyebeba mizigo mpakani Kasumulu mpaka mgongo ukagoma, hana ugomvi na adui wala risasi. Ugomvi wake ni mihuri. Staringi anapanda ndege hapa, anashuka kule, anaruka ukuta, anaibuka nchi ya tatu, na Yusto anasimama mbele ya kioo na kofia yake kama chungu: "Mbona hakuna anayemgongea muhuri? Mimi nilivuka mto Songwe na ndoo moja ya mafuta ya kula, wakanikalisha mpaka jua likazama!"

"Kaa chini, Yusto, hii ni filamu."

"Hata kama ni filamu, mpaka ni mpaka!"

Tusajigwe wangu naye anaingia bure, eti anajikinga mvua, kisha anaanza: "Huyu kijana anakimbia tangu asubuhi, amekula nini?" Staringi akivunja mlango wa watu kwa teke, yeye anauliza kama hodi imemshinda. Yupo pia mama mmoja wa Ngonga anayelima mpunga. Huyo watu hata wafe ishirini hatikisiki, ila likilipuka lori analia machozi ya kweli. "Lori zima lile! Lingetutolea mpunga wote shambani!" Na vijana wa bodaboda wanashangilia staringi akitembea polepole huku nyumba inalipuka nyuma yake, bila kugeuka. Nikawauliza, ninyi tairi likipasuka hapo barabarani si mnageuka mpaka shingo inalia? Wakaniambia mzee unaharibu utamu.

Mimi ninayo kanuni yangu moja tu, na inajulikana hapa mpaka Ngonga. Kanuni ni hii: ukitaka kumjua msaliti, usiangalie mwenye kovu wala mwenye miwani myeusi. Angalia rafiki wa staringi. Yule anayecheka naye, anayemmiminia kahawa, anayemshika bega na kumwambia pole. Huyo ndiye. Kwa kanuni hiyo nimewaaibisha wengi mle bandani, na sikuwaaibisha kimyakimya.

Basi ikaja ile Jumapili ya Pasaka uliyokuwepo. Unaikumbuka filamu. Polisi wenzake staringi wanauawa mmoja mmoja, kuna mtu anauza siri. Tukabaki na wawili wa kushukiwa: rafiki yake mwenye kofia, tuliyempa jina Kofia, na yule mama wa ofisini mwenye mkoba mkubwa. Mimi nikasema Kofia, tena nikasema kwa sauti. Yusto akasema Mama Mkoba, kwa sababu mkoba ule haujafunguliwa hata mara moja, na yeye kwa kazi yake ya mpakani mzigo usiofunguliwa hauamini. Banda likagawanyika kama mkutano wa kijiji. Staringi akawakusanya wote chumba kimoja, akatoa simu, akapiga namba ya msaliti. Tukaisikia simu inalia mfukoni mwa mtu. Kamera ikaanza kuzunguka, inazunguka...

Sola ikafa. Mawingu ya siku zile hata kuku hakupata jua la kuota.

Daniel akanishika mkono, "Nani? Imelia kwa nani?" Nami, kwa utani wangu huu ambao utanizika, nikamjibu, "Nitakwambia kesho." Kila mtu akaondoka anabishana. Nikamshika Daniel mkono kumvusha madimbwi mpaka kwake. Jeni alikuwa jikoni anaandaa wali wenu wa Pasaka. Bandani ukabaki wewe peke yako na kompyuta yako.

Kesho yake, basi lako la alfajiri likiwa limeshaondoka, jua likatoka, betri ikajaa, watu wakaja mpaka wengine wakakaa juu ya ndoo, na Jeni akagundua flashi haipo. Ile nyekundu yenye kamba. Wakapekua chini ya mabenchi, wakapekua kwenye magunia ya kokoa, wakampekua hata kuku aliyekuwa analalia mayai pembeni. Hakuna.

Na hapo ndipo Yusto aliposimama. Akavua kofia taratibu. Nilijua tu, mtu akivua kofia taratibu ameiga kwenye filamu.

"Ndugu zangu," akasema, "tumefundishwa nini humu ndani na mzee Sadoki? Tumefundishwa tuangalie rafiki. Rafiki wa Daniel ni nani? Anayecheka naye ni nani? Nani alitoka naye jana amemshika bega? Na nani alikuwa anaogopa leo tukiona ni Mama Mkoba, aumbuke?"

Ezekiel, banda zima liligeuka. Hata mke wangu niliyemlipia mahari aligeuka kuniangalia, halafu akasema, "Kweli jana alicheka sana." Nikafungua mdomo kujitetea, yule mama wa Ngonga akasema msaliti huwa anajitetea hivyohivyo. Nikanyamaza, wakasema mnaona, amenyamaza.

Ningeweza kuvumilia hayo yote. Yusto ni Yusto. Lakini Daniel hakunitetea. Aliuliza jambo moja tu, akitazama pale anapodhani nipo: "Sadoki, jana ulisema utaniambia kesho. Wewe mwisho uliujua?" Nikamwambia sikuujua, nilikuwa natania. Akatikisa kichwa. Jeni akaniambia kwa heshima, baba, hebu upumzike kidogo nyumbani mpaka flashi ipatikane. Kupumzika! Ndipo nikahamia kwenye pumba.

Tangu siku hiyo wanaweka filamu za zamani, na anayekaa kushoto kwa Daniel ni Yusto. Nawasikia kupitia matete. Daniel anauliza, "Sasa wanafanya nini?" Yusto anajibu, "Wanapigana." Daniel anauliza, "Nani anampiga nani?" Yusto anasema, "Wote." Basi! Mtu anaruka kutoka ghorofani, anavunja kioo, anaangukia juu ya gari la matikiti, na Daniel anaambiwa "bado wanapigana." Jumapili iliyopita Daniel aliondoka katikati ya filamu. Jeni alimshika mkono, lakini alipita upande wenye dimbwi. Nililiona kwa tundu langu, nikauma Biblia.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita mke wako Beatrice alimpigia simu Tusajigwe kumpa pole ya vyungu. Katika mazungumzo yao ya wanawake akalalamika kwamba mume wake siku hizi hasemeshwi, kila akitoka kazini ni kompyuta, na filamu ni ileile. "Kuna mahali simu inalia mfukoni mwa mtu," alisema, "basi hapo anairudisha na kuirudisha, anacheka peke yake." Tusajigwe akanisimulia huku anakanda udongo, hajui anachonisimulia. Chai yangu yote ikaingia kwenye udongo wake. Nimetukanwa, lakini nilikuwa na furaha.

Mpwa wangu! Wewe mtu wa shati la kuchomekea! Sisi tumekaa huku kijiji kizima na simu inalia masikioni mwetu tangu Pasaka, nawe umekaa Tabora unautazama mwisho wetu, unaurudisha nyuma na kuutazama tena!

Sisemi umeiba. Najua uliichomoa flashi ili umwekee Jeni picha za ule ubatizo wa Pasaka, ukaisahau kwenye kompyuta. Lakini nilipowaambia bandani kwamba flashi ipo kwa Ezekiel, Yusto alicheka mpaka akakohoa. Akasema msaliti akibanwa humtaja mtu aliye mbali. Wakapiga makofi. Simu zangu hupokei, nadhani unafikiri naomba kitu. Safari hii umefikiri sawasawa, ndiyo maana nakuandikia.

Tena kuna jambo linaniumiza kichwa. Yusto ametangaza kwamba flashi ikionekana na msaliti akawa ni Kofia, basi kanuni ni ya kweli, na Sadoki ndiye mwizi, amejihukumu mwenyewe. Akiwa ni Mama Mkoba, nimesafishwa, lakini Yusto atanicheka mpaka tuzikwe. Nimekaa juu ya pumba nikawaza, mjomba, unataka upande upi? Kwa mara ya kwanza nikamwombea Kofia asiwe msaliti. Umeona mlikonifikisha?

Msalimie Beatrice, mwambie ulimi wake umeniokoa. Wasalimie watoto, hasa Atupele aliyerithi meno yangu, masikini. Jeni anakusalimu, haamini bado kwamba wewe ndiye adui. Nakutumia chungu kimoja kilichokauka kwa shida, atakileta dereva wa basi. Kikifika na ufa, ufa ni wa dereva. Mwenyezi Mungu awalinde, awape mvua ya kiasi, msipewe hii yetu.

Sasa lile ombi, na si ombi, ni haki yangu. Siku unaondoka nilikubebea mchele wako kwa baiskeli mpaka stendi ya Kyela, mvua inaninyeshea, wewe pembeni na mwamvuli. Ukanishika mkono ukasema, "Ndaga fijo, asante sana mjomba, hili nitakulipa." Lipa. Jumapili, watu wakishakaa, mpigie Jeni, mwambie aweke sauti ya juu. Mwache Yusto aanze hotuba yake, afike katikati, ndipo useme kwamba flashi unayo wewe na unairudisha kwa basi. Maneno hayo tu. Nami usiniambie simu ile ililia mfukoni mwa nani. Na Daniel akikuuliza, maana atakuuliza, ataomba kabisa, usimwambie. Mwambie mwisho ataupata kwa Sadoki, akikaa kushoto kwake.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye hata ukinifukuzisha,

Sadoki