Bakuli Juu ya Nge

Taft, mwezi wa Mehr

Kwa dada yangu Gohar,

Pokea salamu, na shukrani kabla ya habari. Magoti yanakusumbua bado na hiyo baridi ya Tehran? Sisi wazima, na makomamanga mwaka huu yanapasuka kwa utamu.

Ugomvi wangu na kaka yetu Khodadad unaujua. Alianza yeye, siachi kusema: maji ya zamu yangu aliyageuzia bustanini kwake. Nikabomoa ukuta wake. Wanawe wakanikatia mikomamanga sita. Nikaifunga njia ya punda wao. Kosa moja likawa manne, na jamaa kumi na mmoja hawasalimiani.

Sasa sikia. Juzi jioni mke wangu Firuze alimwona nge kando ya godoro la mtoto. Nikavua kiatu. Akapiga kelele nisipige, nge huyo amebeba watoto mgongoni, nimfunike bakuli. Nikapiga. Dada, vitoto vya nge vilimwagika kila upande, chini ya zulia, ndani ya matandiko! Nikaikumbuka hadithi yako ya mfalme mwenye nyoka mabegani: kila alipopigwa rungu, jeraha lilitoa nge na vyura, mpaka ikaamuliwa asiuawe, afungwe minyororo ndani ya mlima Damavand. Nami nilikuwa nikikuuliza kwa nini hawakummaliza tu.

Firuze alimnyakua mtoto huku akilia. Wa kwanza kufika alikuwa Khodadad, kapitia palepale nilipobomoa, taa mkononi, mabakuli kwapani. Akaniambia, "We Dinyar, ndiyo hesabu zako hizi? Ulikuwa na mmoja, sasa una kijiji kizima!" Nikamwambia ashike taa, apunguze mdomo. Tulikung'uta kila kitu mpaka mikono ikafa ganzi. Mtoto hakuumwa. Mungu wetu Ahura Mazda ashukuriwe, nawe pia, na hata yule mwizi wa maji.

Lipo jambo ambalo hata Firuze halijui. Nilikuwa nimekodi vibarua wawili waje asubuhi iliyofuata, wamwage chumvi kwenye mizizi ya miti yote ya Khodadad, ikauke. Walikuja na magunia yao. Nikawapa chai, kisha nikawapeleka kwenye lile pengo la ukuta. Wamejenga vizuri. Katikati nimewaambia watie mlango.

Wasalimie wanao. Makomamanga ya kikapu hiki ni yangu na ya Khodadad, yamechanganyika, usiniulize yapi ni yapi.

Ya maji nitayasema mbele ya wazee, wala sitanyamaza. Ya chumvi nimeyafunikia bakuli. Tafadhali dada, usilifunue.

Ndimi mdogo wako,
Dinyar