Mpira wa Gesi na Kisu cha Mkate

Jumatano, 6 Machi

Wagdi kabadilisha mpira wa gesi. Mwenyewe! Fundi wa nini, kasema, na mume unaye. Kaukata kwa kisu cha mkate. Mwisho umekwenda upande, una meno meno. Ulipogoma kuingia akaupaka samli. Samli! Mama yake, Hajati Inshirah, akampigia vigelegele kutoka sebuleni.

Mimi nanusa kitu.

Alhamisi, 7 Machi

Nanusa bado. Nikapaka povu la sabuni. Likachemka palepale kwenye ule mwisho. Nikafunga mtungi. Wagdi kasema mpira mpya ndivyo unavyonuka, na mimi nina pua ya mbwa wa polisi. Kauvuta kunionyesha — ukachomoka wote! Kaurudisha, kakaza klipu, kaenda kazini.

Naogopa. Hajati hanusi chochote tangu augue mwaka jana, hata kitunguu kikiungua. Na Ramadhani hii hapa. Yeye ndiye huamka kabla yetu kuwasha jiko, apike daku.

Jumamosi, 9 Machi

Siku mbili jibini na mkate. Mtungi sifungui. Hajati kanuna: mwanawe anataka chai, si jibini.

Nimekwenda kwa Bishara, muuza vifaa vya gesi hapa Tanta. Nikampa kipande cha mpira alichobakiza Wagdi. "Mama, mumeo alikuwa anakata mpira au mkate?" Nikacheka, halafu nikamwonea Wagdi huruma. Kasema mkasi unauminya, kisu chenye meno kinauchana. Wembe mpya, uulowanishe maji ya sabuni, mpira juu ya ubao, mkato mmoja wima. Na samli ni ya wali.

Nimenunua mpira na wembe. Nimevificha chini ya taulo. Nitamwambiaje?

Jumapili, 10 Machi

Hajati kavikuta! Kampelekea mwanawe hata sijafungua mdomo. Ikabidi nimweleze Wagdi aliyosema Bishara. Nilidhani atafoka. Kasema, "Leta ubao."

Akalowanisha wembe maji ya sabuni. "Shika hapo. Usicheze." Akakata mara moja. Mwisho umetoka sawasawa, ukaingia bila samli.

Mtungi umefunguliwa, povu limepakwa. Naandika hapahapa jikoni. Hajati kashika kiberiti. "Niwashe? Mwezi umeandama, mna nini nyie?" Povu limetulia. Mimi ningesema washa.

"Subiri kidogo, mama," kasema Wagdi. Kapiga magoti, pua imegusa mpira.