Usiitundike Picha Ile

Kijijini, Mikumi
18 Mei 1975

Mdogo wangu Anselmi,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji Marselina, na kwamba studio yenu hapo Kilosa bado ina wateja. Mimi ni mzima, ila goti hunisumbua asubuhi.

Umeniandikia kuwa umeisafisha filamu yangu, na kundi lile la galaksi limetokea: vidoa hafifu kama unga uliomwagika, kila kimoja nyota zisizohesabika. Unataka kuikuza picha na kuitundika ukutani. Tangu tuondoke Tukuyu nimeitamani picha hiyo. Nakuomba usiitundike.

Huku tembo wametumaliza. Wameingia shamba la kijiji usiku, mahindi yakiwa karibu kukauka, na zamu ya kulinda dunguni ilikuwa yangu. Mkutanoni nilitegemea kulaumiwa. Badala yake mwenyekiti alisema kosa ni la kijiji kizima, kumkeshesha mzee wa umri wangu. Kijana mmoja, Donati, akanitania, "Babu, ulikoroma mpaka tembo wakadhani ni mwenzao." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Jioni Odilia, mjane jirani yangu mwenye watoto wengi, akaniletea unga wake.

Anselmi, sikulala. Moto wa dunguni ndio unaowatisha tembo, lakini mwanga wake huharibu picha, kwa hiyo niliuzima. Unaijua darubini yangu, haina mashine. Kwa saa nzima jicho halibanduki, na mkono huizungusha taratibu kuifuata nyota. Saa hiyo ilikuwa inakaribia kuisha niliposikia mabua yakivunjika. Nilijua ni nini. Ningeinuka kugonga debe, picha ingeharibika. Nikabaki pale pale.

Jana nilimrudishia Odilia unga wake na kumweleza sababu. Aliupokea. Kisha akasema, "Basi uwaambie na wenzako, Babu. Mimi sitakusemea."

Mkutano mwingine ni kesho, na nimeomba nizungumze wa kwanza. Nimepanga maneno tangu alfajiri, na kila nikiyasoma naona aibu upya.

Mfikishie dada Selestina shikamoo yangu, na watoto wote uwasalimie. Kama kijiji kitanitaka niondoke, nitakuwa nimehama mara ya nne maishani, na safari hii kwa haki.

Ni mimi kaka yako,
Lupakisyo