Mizabibu ya Misheni, Kibirichia

Mjukuu wangu Kendi,

Pole na baridi ya huko Ulaya. Sisi hapa Kibirichia tuko wazima. Viazi tumevuna, na goti la mama yako limepata nafuu. Umeniuliza ni nani alianza kutengeneza divai huku kwetu. Mimi nakumbuka ya baba yangu tu, na hata hayo bado yananichanganya.

Padri mmoja mgeni alileta mizabibu misheni, akampa baba kazi ya kuitunza. Ilipojaa majani, baba alifurahi sana. Kisha padri akaja na mkasi, akakata karibu matawi yote.

"Padri, umeniulia shamba!" baba akalia.

"Ngoja mvua," padri akamjibu.

Baba aliacha kazi kwa hasira, na padri naye akahamishwa. Mvua iliponyesha, visiki vilichipua, vikazaa. Baba akarudi mbio. Tulichuma zabibu, tukazikamua kwa mikono, tukaacha maji yake kwenye mtungi, maana hakuna aliyetufundisha zaidi.

Baada ya wiki kadhaa nilionja divai hiyo, nikaikuta kali kama siki. Sikuthubutu kumwambia baba. Tulikwenda naye misheni, akampelekea padri mpya kikombe kizima. Padri alikunywa yote, akafumba macho, machozi yakamtoka.

"Nzuri, Mzee. Niongezee."

Tukirudi nyumbani, baba alicheka njia nzima, nami nikamfuata bila kuelewa. Mpaka leo sijui kama padri yule aliipenda divai, au alimpenda baba.

Vaa nguo nzito, mama.

Nyanya yako,
Nkatha