Neno Moja Katika Kibali cha Nkololo

Masunga,

Mwangaluka. Hapa Morogoro hakuna tena wa kunisalimu kwa Kisukuma. Tangu uzikwe, simu yangu hulia mara chache, na ikilia ni Kiswahili kitupu.

Juzi binti yako Kabula alinipigia. Anaitafuta ile filamu ya wazungu. Wajukuu wanataka kumwona babu yao akicheza. Nikasema nitaulizia. Nilimdanganya. Nakala ninayo kabatini, ila wewe huonekani humo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, wageni wameanza kuja na kamera zao, nami nikiwatafutia vibali Dar es Salaam. Wizarani, mkoani, wilayani, kila mhuri niliufuata mwenyewe. Siku ya kupiga picha ilipofika pale Nkololo, wewe na vijana wako mkafunga njuga miguuni. Ndipo afisa aliyetumwa kutusindikiza akaweka kidole kwenye karatasi: "Hapa wameruhusiwa ngoma. Mbina siioni." Alikuwa Msukuma, akaisoma Kisukuma: ngoma ni ile inayopigwa, mbina ndiyo inayochezwa. Kubadili neno ni mpaka Dar, na kesho yake wageni walikuwa wapande treni Malampaka. Wakapiga picha ngozi ya ngoma na fimbo zake tu. Kwenye mkanda wewe unasikika kando: "Mpigeni picha hata ng'ombe aliyechunwa ngozi hiyo!" Watu wakaangua kicheko. Wewe hukucheka.

Kila nilipokuja likizo ulirudia: "Yule bwana alininyima sinema." Nami nikanywa maziwa yako.

Fomu ya kibali niliijaza mimi, Masunga. Yule afisa hakuongeza hata herufi. Nilikuwa nimekaa pwani miaka mingi, nikaandika "ngoma" kama wao, nikasahau kwamba kwetu mchezo una jina lake. Ungenisamehe, najua. Lakini kwanza ungeniita Mswahili, mbele ya watu, na mimi... neno hilo nililiogopa kuliko kosa lenyewe.

Mvua zikikatika nitapanda basi la Bariadi. Nitawawekea wanao mkanda waisikie sauti yako, kisha niwaambie kwa nini uso wako haumo. Magoti yamekwisha, ila nitasimama niwaonyeshe ulivyokuwa ukiinama na kurusha bega. Wanicheke tu.

Pumzika, ndugu yangu. Yule afisa naye alishatangulia. Ukikutana naye usimtukane. Mtajie jina langu.