Mheshimiwa Dirisha

S.L.P. 74,
Bariadi.
12 Agosti 1995.

Mpendwa dada Gloria,

Mwangaluka. Shemeji hajambo huko Songea? Na yule mdogo, kifua kimepona? Mimi ni mzima. Pamba tumemaliza kuvuna.

Simu ya maandishi niliyokutumia ilisema tu kwamba mjomba amefariki na mama yako amelazwa. Sasa nakuandikia yote niliyoyathibitisha. Isome ukiwa umekaa.

Mjomba Leonidas alikaa bungeni miaka mitano na hoja moja: nyumba. Aliomba kodi ya bati ipunguzwe, kwa kuwa bati za wafanyabiashara binafsi zimejaa madukani Nyalikungu na mkulima anazitazama tu. Wabunge wenzake walimwita Mheshimiwa Dirisha. Hakukasirika. Vikongwe wetu wanapikia samadi kavu katika nyumba zisizo na tundu, moshi unayafanya macho yao kuwa mekundu, na jicho jekundu huku ni hukumu ya uchawi. Jimboni kwake vikongwe kumi na tisa walikatwa mapanga. Alikwenda kuziona nyumba zao mwenyewe. Kumi na saba hazikuwa na dirisha.

Julai akaanza na nyumba ya mama yako, dada yake. Hapo alikosea. Mafundi walitoboa ukuta wa nyuma, upande wa kaburi la baba yako, bila kuwaita wazee wa ukoo. Kesho yake watu walikuwa wanasema mama yako Milembe amefunguliwa mlango wa kuongea na wafu. Wiki ya pili mtoto wa jirani aitwaye Masele akafa kwa degedege.

Jumanne tarehe 25, saa nne asubuhi, walikuja wanaume wawili na mapanga. Mjomba alikuwa anakagua fremu. Akasimama mlangoni.

"Mheshimiwa, pisha," mmoja wao, Salu, alimwambia. "Kura tulikupa. Huyu bibi hatukukupa."

"Mbona unaniomba njia, ng'wanawane, mwanangu? Dirisha si lipo?"

Fundi aliyesikia anasema Salu alicheka kwanza, ndipo akakata. Mkono wa kushoto ulianguka kizingitini. Pigo la pili lilikuwa shingoni. Mama yako alikatwa bega na sikio kabla mwano wa kuita msaada haujapigwa. Sungusungu walimkamata Salu wakampiga mawe mpaka akafa. Mwenzake alitoroka.

Lililo gumu ni hili. Fundi alimwona kaka yako Paschal zizini, akiwaelekeza nyumba kwa kidole. Polisi wanamshikilia, lakini fundi sasa anaogopa kusema. Mama yako anawaambia hakumwona. Nilipomuuliza, alijibu, "Sylvester, kaka nimeshazika. Unataka nizike na mtoto?"

Katika barua yako ya Juni ulinieleza kwamba Paschal amekuandikia mgawane shamba la Sola mapema, "kabla mama hajatumaliza." Nilimsomea mama yako maneno hayo. Amenituma nikuambie uichome barua ya Paschal.

Ujumbe nimeufikisha. Mimi nakuomba usiichome. Itume kwangu kwa rejista. Bila barua hiyo Paschal ataachiwa, na mama yako akitoka hospitali hana nyumba nyingine ya kurudi ila ile wanayokaa wote wawili.

Mama yangu Pelagia anakusalimu, na Mektilda anayemlinda mama yako wodini. Mungu awafunike wewe na wanao.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,

Sylvester